Kutoka Daftari la Jikoni Hadi Kitabu cha Mapishi: Mwongozo kwa Anayeanza

Maswali ni yaleyale kila mara. Nina mapishi ya mama na bibi, nianzie wapi? Ni lazima niwe nimesomea upishi? Mapishi mangapi yanatosha kitabu? Nikimpelekea mchapishaji, hataniibia? ISBN, ile namba ya utambulisho wa kitabu, inatoka wapi? Mwongozo huu unayajibu kwa kufuata mpangilio wa kazi yenyewe, tangu siku unayofungua daftari hadi siku unayopokea maboksi kutoka kwa mchapaji, yaani mwenye mitambo ya kuchapa.

La cheti nalijibu papa hapa: hukihitaji. Unachohitaji ni uvumilivu wa kupima, kwa sababu kazi kubwa ya kitabu cha mapishi hufanyika jikoni na sehemu ndogo tu hufanyika kwenye kompyuta. Mapishi ya nyumbani yamo mikononi mwa anayepika. Yeye anajua chumvi kwa kiganja na moto kwa sauti ya mafuta. Msomaji wako hana mikono hiyo, wala hayupo jikoni kwako ili akuulize. Pishi huwa tayari kuchapishwa pale mtu ambaye hajawahi kulionja anapolipika kwa kufuata karatasi tu, bila kukupigia simu, na likatoka sawa.

Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Mizani ya jikoni ya kidijiti inayosoma gramu moja moja na yenye kitufe cha kurudisha sifuri. Ukiwa na fedha ya kununua kifaa kimoja tu, nunua hiki.
- Vijiko vya kupimia na jagi lenye alama za mililita.
- Kipimajoto cha chakula. Kama unaoka, ongeza kipimajoto cha kuweka ndani ya oveni.
- Saa ya kuhesabu dakika; ya kwenye simu inatosha.
- Daftari moja la majaribio, lenye jalada gumu. Karatasi moja moja hupotea.
- Simu yenye kamera nzuri, na kompyuta au mtu wa kukuchapia maandishi.
- Watu watatu au wanne walio tayari kupika mapishi yako majumbani kwao na kukuambia ukweli hata kama hautakufurahisha.
- Ruhusa ya wenye mapishi. Zungumza nao mapema, kabla hujapiga picha hata moja.

Hatua ya 1: Amua kitabu ni cha nani

Kitabu cha kugawia ndugu kwenye mkutano wa ukoo na kitabu cha kuuza dukani ni kazi mbili tofauti. Cha ukoo kinaweza kubeba majina ya utani, picha za zamani zilizofifia na pishi la shangazi ambalo wote wanalijua. Cha dukani kinasomwa na mtu asiyemjua shangazi. Kila kitu lazima kijieleze chenyewe.

Andika sentensi moja tu inayosema kitabu kinahusu nini na kinamfaa nani. Kwa mfano: “Vyakula vya siku za kazi kwa familia yenye dakika 40 na jiko moja.” Ukishindwa kuiandika, hujawa na kitabu bado, una mkusanyiko wa mapishi. Sentensi hiyo ndiyo itakayokuambia pishi gani liingie na lipi libaki nje, na ndiyo utakayompa mchapishaji akikuuliza kitabu ni cha nini.

Kuhusu idadi: mapishi 40 yaliyojaribiwa vizuri yanatosha kabisa. Kila pishi likichukua kurasa mbili, una kurasa 80. Ongeza utangulizi, yaliyomo, maelezo ya vipimo na faharasa, unafika kama kurasa 96. Hicho ni kitabu kamili. Wanaoanza hupenda kutaja mapishi 150, kisha wanachoka kabla hawajafika nusu.

Hatua ya 2: Kusanya yote, kisha punguza

Orodhesha kila pishi unaloweza kulikumbuka, hata yale usiyo na uhakika nayo. Mbele ya kila moja andika mambo matatu: nani hulipika vizuri kuliko wote, lini mara ya mwisho lilipikwa, na kama mwenye nalo bado yupo wa kuulizwa. Mapishi ya wazee yapewe kipaumbele. Yako mwenyewe yanaweza kusubiri mwezi mmoja zaidi. Ya bibi mwenye umri mkubwa hayawezi.

Ukienda kumhoji mzee, usimwombe akueleze pishi akiwa ameketi sebuleni. Atakupa orodha fupi na kuruka yale anayoyafanya bila kufikiri, kama kufunika sufuria kwa dakika chache mwishoni au kutupa maji ya kwanza. Mwombe apike, wewe urekodi sauti na uandike.

Baada ya hapo punguza. Kama mapishi matano yanatofautiana kwa kiungo kimoja tu, chagua moja na uyataje mengine manne kama nyongeza ya mistari miwili chini yake.

Hatua ya 3: Ipime mikono ya mpishi

Hapa ndipo vitabu vingi vya familia vinapofia, kwa hiyo twende polepole.

Mpishi mzoefu hapimi, na ukimlazimisha apime kwa kijiko ataharibu pishi, kwa kuwa umemtoa kwenye mwendo wake. Usimguse. Pima vyombo badala yake. Kabla hajaanza, weka pakiti ya chumvi kwenye mizani: tuseme inasoma gramu 612. Mwache achote kwa vidole vyake kama kawaida, aonje, aongeze, aonje tena. Akimaliza, rudisha pakiti kwenye mizani. Ikisoma 598, ametumia gramu 14, na yeye hata hakujua kuwa umempima. Fanya hivyohivyo kwa chupa ya mafuta, kopo la viungo, mfuko wa unga. Maji yajaze kwenye jagi lenye alama na uangalie kilichobaki.

Kumbuka mafuta ni mepesi kuliko maji: gramu 100 za mafuta ya kupikia ni kama mililita 109. Gramu 100 za maji ni mililita 100.

Muda pia upimwe. Anapoweka kitunguu kwenye mafuta, anzisha saa. Anapoweka nyanya, andika dakika. Na kila anapofanya jambo jipya, muulize swali moja: “Umejuaje kuwa tayari?” Majibu yake ni dhahabu. “Mafuta yamejitenga pembeni.” “Harufu ya ubichi imetoka.” “Nikivuta mwiko naona chini ya sufuria.” Yaandike kama alivyosema, kwa sababu dakika hubadilika kutoka jiko hadi jiko, lakini mafuta kujitenga pembeni kunaonekana popote.

Rudia pishi hilohilo siku nyingine, ikiwezekana mara tatu. Vipimo vitatofautiana, na hilo ni la kawaida. Vikikaribiana, chukua wastani. Vikitofautiana sana, mwulize sababu. Mara nyingi nyanya zilikuwa chachu zaidi au nyama ilikuwa ngumu, na hiyo ni habari ambayo msomaji anaihitaji.

Hatua ya 4: Andika kila pishi kwa umbo moja

Chagua mpangilio mmoja na usiubadilishe kitabu kizima: jina, idadi ya walaji, muda wa kuandaa na muda wa kupika, mahitaji, hatua, na namna ya kuhifadhi kilichobaki. Mahitaji yapangwe kwa mfuatano wa kutumika. Kama kitu kinatumika mara mbili, andika “yagawe mara mbili” palepale kwenye mahitaji, maana msomaji akishamimina yote sufuriani hakuna kurudi.

Ona tofauti. Hili ni pishi kama lilivyokuwa kwenye daftari:

“Chemsha maharage mpaka yaive. Kaanga kitunguu na nyanya, changanya. Chumvi kiasi.”

Na hili ni lilelile likiwa tayari kwa msomaji:

Maharage mekundu kwa nyanya. Walaji 6. Kuloweka saa 8, kupika kama saa 2.
Mahitaji: maharage mekundu makavu gramu 400, mafuta vijiko vikubwa 3, kitunguu kikubwa 1, gramu 150 hivi, kikatwe vipande vidogo, nyanya mbivu 3, gramu 300 hivi, zikatwekatwe, chumvi kijiko cha chai 1 na nusu.
1. Loweka maharage kwenye maji lita 1 na nusu usiku kucha. Mwaga maji hayo na uyasuuze.
2. Weka maji mapya yazidi maharage kwa vidole vitatu. Yachemke kwa nguvu dakika 10, kisha punguza moto, funika, na uyaache hadi harage likibonyezwa kwa vidole viwili liwe laini hadi katikati. Anza kuangalia baada ya saa 1.
3. Kwenye sufuria nyingine, kaanga kitunguu kwenye mafuta kwa moto wa kati dakika 8 hadi kingo zianze kuwa za kahawia. Weka nyanya na chumvi, koroga hadi mafuta yajitenge pembeni.
4. Mimina maharage pamoja na mililita 500 hivi za maji yake. Acha yatokote bila kufunikwa dakika 15.

Limekuwa refu mara kumi au zaidi, na linastahili. Angalia kwamba hatua za kuivisha, ya 2 na ya 3, zina muda na pia zina dalili ya kuonekana au kuguswa. Ukiandika kimoja bila kingine, nusu ya wasomaji watakwama.

Makosa ya vipimo ninayoyaona tena na tena:

*Kikombe bila kueleza ni kipi.* Kikombe cha kupimia cha Marekani ni kama mililita 240, nchi nyingine hutumia 250, na kikombe cha chai cha nyumbani kinaweza kuwa chochote. Kikombe kimoja cha unga wa ngano kinaweza kuwa na gramu 120 kikijazwa kwa kijiko taratibu, au 150 kikishindiliwa. Kwa keki hiyo ni tofauti ya kufaulu na kuharibika. Andika gramu, na kikombe kama unakitaka kiwe cha pili.

*Kijiko kilichojaa mlima.* Fannie Farmer, mwalimu wa upishi wa Boston, alisisitiza vipimo vilivyosawazishwa kwa kisu katika kitabu chake cha mwaka 1896, na tangu hapo wapishi wengi wameshika utaratibu huo. Nawe sema mwanzoni mwa kitabu: vijiko vyote vimesawazishwa, kijiko cha chai ni mililita 5, kijiko kikubwa ni mililita 15. Usidhani wote wanajua, kwani Australia kijiko kikubwa ni mililita 20.

*Mpangilio wa maneno.* “Karanga kikombe 1, zisagwe” na “karanga zilizosagwa kikombe 1” ni vipimo viwili tofauti. Cha kwanza unapima kisha unasaga, cha pili unasaga kisha unapima.

*Oveni bila joto.* “Oka hadi iive” haitoshi. Andika nyuzi, kwa mfano 180 za Selsiasi, na useme kama oveni yako ina feni. Yenye feni kwa kawaida hupunguzwa nyuzi kama 20. Ukubwa wa chombo cha kuokea nao uandikwe kwa sentimita.

Hatua ya 5: Kagua usalama wa chakula

Nyumbani ukikosea unaumiza watu wachache. Kitabuni unaumiza usiowajua. Pitia kila pishi ukiwa na jicho hili.

Maharage mekundu mabichi yana sumu ya asili inayoharibiwa kwa kuchemka hasa, ndiyo maana pishi la hapo juu linasema “kwa nguvu dakika 10”. Kuyapika moja kwa moja kwa moto mdogo sana, kama kwenye sufuria ya umeme ya kupika polepole, hakutoshi. Kuku aive hadi sehemu nene ya ndani ifike nyuzi 74. Kama familia ina utamaduni wa kuhifadhi mboga au nyama kwenye chupa zilizofungwa, usiweke pishi hilo kitabuni kwa kukisia: vyakula visivyo na asidi ya kutosha vikifungwa bila kupitia joto la juu la mgandamizo vinaweza kuzalisha sumu ya botulizimu, ambayo huua na wala si lazima ibadilishe harufu. Tumia utaratibu uliothibitishwa na mamlaka ya chakula, au liache.

Weka pia alama ya vitu vinavyosababisha mzio: karanga, njugu nyingine, ufuta, maziwa, mayai, ngano, soya, samaki, kamba na jamii zake. Mstari mmoja chini ya mahitaji unatosha.

Hatua ya 6: Wape wengine wapike, na ukae mbali

Chagua wapishi wa majaribio wa aina tofauti: mmoja mzoefu, mmoja anayeanza, mmoja asiyejua kabisa chakula cha familia yenu. Wa tatu ndiye muhimu kuliko wote. Mpe karatasi tu. Usimwonjeshe kwanza, usimweleze, usisimame mlangoni.

Mwombe aandike pembeni kila mahali aliposita. Kisha muulize: ulichukua muda gani hasa? Ni chombo gani hukuwa nacho? Ulikisia nini? Kilitosha watu wangapi? “Kilikuwa kitamu” ni jibu la adabu lisilokusaidia. “Hatua ya 3 sikujua kama nifunike” linakusaidia.

Akikupigia simu katikati ya kupika, mjibu, na uandike swali lake, kwa kuwa hilo swali ni sentensi iliyokosekana kitabuni. Iongeze, kisha mpe mtu mwingine. Pishi lisilopita kwa watu wawili wa nje lisiingie, hata likiwa pendwa kiasi gani.

Hatua ya 7: Weka sawa mambo ya haki

Hofu ya kuibiwa ni kubwa kuliko hatari yenyewe. Chini ya Mkataba wa Berne wa 1886, ambao nchi nyingi duniani zimeuridhia, hakimiliki huzaliwa pale unapoandika. Usajili si sharti, ingawa baadhi ya nchi zinao na unakupa ushahidi. Jambo la kuelewa ni kwamba orodha tupu ya mahitaji kwa kawaida hailindwi. Ofisi ya Hakimiliki ya Marekani, kwa mfano, inalisema hilo waziwazi. Kinacholindwa ni maneno yako: maelezo ya hatua, hadithi, picha, mpangilio wa kitabu.

Hiyo inakata pande zote. Usinakili maelezo ya mtu kutoka kwenye kitabu au mtandao, hata kama mapishi hayo yamekuwa ya kwenu kwa miaka. Mapishi mengi “ya bibi” yalitoka kwenye gazeti au nyuma ya pakiti ya unga; ukigundua hivyo, yapike upya, yapime, na uyaandike kwa maneno yako, ukitaja yalikotoka.

Kwa ndugu, hata kama sheria haikulazimishi, omba ruhusa kwa maandishi mafupi: pishi gani, jina litaonekanaje, picha gani, na kama kutakuwa na mapato yatagawanywaje. Nimeona ndugu wakinuniana kwa sababu jina la mmoja halikutajwa. Karatasi moja ingeliepusha hilo.

Hatua ya 8: Piga picha

Si lazima kila pishi liwe na picha. Picha 15 nzuri ni bora kuliko 40 zenye giza. Piga mchana karibu na dirisha, mwanga ukitoka ubavuni. Zima taa za jikoni na usitumie flashi. Chakula kiwe kimepikwa sasa hivi, kwenye sahani isiyo na mapambo mengi.

Kwa kuchapa, picha inahitaji nukta 300 kwa kila inchi. Ukurasa mzima wa A5 ni milimita 148 kwa 210. Ukiongeza milimita 3 kila upande za kukatwa na mashine, unahitaji picha ya pikseli takriban 1,820 kwa 2,550. Simu nyingi za sasa zinafikia hapo bila shida. Tatizo huanza unapozituma: programu za ujumbe huzipunguza ubora. Zitume kama faili, au zihamishe kwa waya.

Hatua ya 9: Hariri na panga kurasa

Mtafute mhariri. Kama huna fedha za mhariri wa kitaalamu, tafuta mwalimu wa lugha mwenye subira na mtu mwingine wa kukagua namba tu: kila kilichomo kwenye mahitaji kinatumika kwenye hatua, na kila kinachotumika kimeorodheshwa. Siki iliyotajwa kwenye hatua ya 5 lakini haimo kwenye mahitaji ni kosa la kawaida kabisa.

Pishi lionekane lote kitabu kikiwa wazi, kurasa mbili zinazotazamana. Hakuna anayependa kufunua ukurasa akiwa na unga mikononi. Herufi zisipungue ukubwa wa pointi 10, na wino uwe mweusi juu ya karatasi nyeupe. Mwishoni weka faharasa inayopangwa kwa kitu, si kwa jina la pishi pekee: mwenye viazi nyumbani hutafuta “viazi”.

Hatua ya 10: Chagua njia ya kuchapisha

Njia ni tatu.

Ya kwanza ni mchapishaji wa kawaida. Unampelekea maelezo ya kitabu, wasifu wako mfupi na mapishi matatu au manne yaliyokamilika. Akikubali, yeye analipia kila kitu na wewe unapata mrabaha, yaani sehemu ya mapato ya kila nakala inayouzwa. Subira inahitajika, na majibu ya kukataliwa ni sehemu ya kazi. Onyo: mchapishaji anayekutaka ulipe ndipo “akukubali” anakuuzia huduma. Huduma ya kulipia si dhambi, ila iite jina lake, linganisha bei na wengine, na usisaini mkataba unaochukua haki zako zote milele.

Ya pili ni kujichapishia: unamlipa mchapaji, nakala ni zako, faida na hasara ni zako. Irma Rombauer, mjane na mama wa nyumbani wa St. Louis, Marekani, alifanya hivyo mwaka 1931: alilipia nakala 3,000 kwa akiba yake, na binti yake Marion akachora jalada. Mwaka 1936 kampuni ya uchapishaji ikakichukua, na kikaja kuuzwa mamilioni. Nawe usianze na nakala 3,000. Anza na idadi unayoweza kutaja majina ya wanunuzi wake.

Ya tatu ni kuchapa nakala moja moja kadiri zinavyoagizwa kwenye mtandao, pamoja na toleo la kielektroniki. Huhitaji mtaji wa maboksi, lakini kila nakala inagharimu zaidi, hasa ikiwa na rangi. Kwa anayeanza bila fedha, naipendekeza hii, mradi uagize nakala ya kwanza uikague mwenyewe.

Kwa njia zote mbili za mwisho, utahitaji ISBN ukitaka kuuza madukani. Ni namba ya tarakimu 13 inayotolewa na wakala wa ISBN wa nchi yako, mara nyingi ulio chini ya maktaba ya taifa; kwingine hutolewa bure, kwingine kwa ada. Toleo la karatasi lina namba yake na la kielektroniki lina yake. Majukwaa ya mtandaoni hutoa namba ya bure, lakini kwa kawaida hutaweza kuihamishia kwa mchapaji mwingine. Uliza pia kama sheria inakutaka upeleke nakala maktaba ya taifa.

Kabla ya kulipa mchapaji, omba prufu ya karatasi, yaani nakala ya kukagua. Ilete jikoni, ifungue, ipikie. Kitabu kilichogundishwa kwa gundi hujifunga chenyewe mezani. Kilichoshonwa kwa uzi hulala vizuri zaidi. Cha pete za waya hulala kabisa lakini hakina mgongo wa kuandika jina, na maduka mengine hayakipendi.

Hatua ya 11: Weka bei kabla ya kuchapa

Jumlisha gharama zote: kuchapa, mhariri, msanifu wa kurasa, usafiri, na vyakula vya majaribio, ambavyo wengi husahau. Gawa kwa idadi ya nakala. Maduka ya vitabu huomba punguzo kubwa, mara nyingi kati ya asilimia 30 na 50 ya bei ya jalada. Kama baada ya punguzo hilo hutabaki na kitu, punguza kurasa za rangi au panga kuuza mwenyewe mkononi.

Mambo yakikwama

*Mzee hataki siri yake itoke.* Iheshimu. Chapisha mapishi yake mengine, na hilo liandike kwa ajili ya familia tu. Usichapishe toleo lililopunguzwa kiungo kimoja makusudi. Msomaji atapoteza chakula chake na imani yake kwako.

*Mwenye pishi amefariki na hakuna kipimo.* Wakusanye waliolila, pika makadirio yako, na wao waonje na kusahihisha. Mkifika karibu, andika wazi kuwa ni pishi lililotengenezwa upya kwa kumbukumbu za walaji.

*Ndugu wawili wana matoleo mawili na kila mmoja anasema lake ndilo la asili.* Yajaribu yote mawili, chapisha lililopita vizuri zaidi kwa wapishi wa nje, na la pili liweke kama nyongeza lenye jina la mwenyewe.

*Wapishi wa majaribio wanasema chumvi imezidi.* Angalia aina. Kijiko cha chai cha chumvi laini ni kama gramu 6. Ya punje kubwa ni pungufu. Taja aina na gramu.

*Keki inaungua nje, mbichi ndani.* Weka kipimajoto ndani ya oveni. Namba ya kwenye kitufe huenda si joto halisi. Kama kipimo kimeongezwa mara mbili kwenye chombo kilekile, kina cha mchanganyiko kimeongezeka: tumia vyombo viwili.

*Kwa mtu mmoja maharage hayaivi kwa muda ulioandika.* Muulize anaishi mwinuko gani. Maji huchemka kwa joto pungufu kadiri unavyopanda, kama nyuzi 1 kwa kila mita 300. Maharage ya zamani nayo huchelewa.

*Picha zimetoka nyeusi kwenye prufu.* Skrini ina mwanga wake, karatasi haina. Ongeza mwangaza kidogo, badilisha faili kwenda CMYK, mfumo wa rangi za wino wa kuchapia, kwa msaada wa msanifu, na uombe prufu ya ukurasa mmoja kabla ya kitabu kizima.

*Mchapaji anakataa faili.* Sababu kubwa ni tatu: fonti hazikuwekwa ndani ya PDF, milimita 3 za kukatwa hazipo, au idadi ya kurasa haigawanyiki kwa 4. Mwombe akupe masharti yake kwa maandishi, umpe msanifu kama yalivyo.

*Kosa limeonekana baada ya kuchapa.* Kama ni tahajia, lisubiri toleo lijalo. Kama ni kipimo au usalama, chapa kipande cha masahihisho kiingizwe ndani ya kila nakala iliyobaki, wajulishe waliokwisha kununua, na urekebishe faili siku hiyohiyo.